Kreni ya Fito za Chuma Inayonyanyua Kilo ya Sukari: Mwongozo Kamili wa Kuiunda

Kati ya vitu vyote nilivyowahi kuunda kwa fito za chuma, nati na gia hapa nyumbani Lamu, ninachomshauri kila anayeanza ni kreni. Gari la kuchezea likiundwa vibaya, mtoto atalisukuma na litakwenda. Nyumba ikiundwa vibaya itasimama tu. Kreni ama inaunyanyua mzigo na kuushikilia hewani, ama hainyanyui. Na ikishindwa utapaona kwa macho yako hapo iliposhindwa: ufito umepinda, gia zimeruka meno, kamba imeteleza, au yote imeanguka kifudifudi.

Kreni ya mwongozo huu itapandisha pakiti ya kilo moja ya sukari sentimita 30 kutoka mezani, itaishikilia bila mkono wa mtu, itageuka nayo, kisha itaishusha taratibu. Tenga jioni tatu. Zitakuwamo saa za furaha, na itakuwamo saa moja au mbili utakazotamani kuvitupa vyote baharini. Saa hizo nitazitaja mapema, kila moja mahali pake, ili zisikukute hujajiandaa.

Anza na mtambo, mwili baadaye

Vijitabu vingi vinavyokuja ndani ya maboksi huanza na kitako, kisha mnara, kisha mkono wa kreni, na gia huja kurasa za mwisho. Huo ni utaratibu wa kupendeza macho, maana kila ukurasa unaona kitu kinakua. Mimi na mpwa wangu tuliufuata mara ya kwanza. Jioni tatu tulikaza nati, mnara ukapanda hadi usawa wa kifua chake. Tukatia gia ndani, nikamwachia yeye azungushe mkono wa gia kwa mara ya kwanza. Haukuzunguka. Akatia nguvu, ukaenda robo, ukakwama.

"Mjomba, imekufa?" akaniuliza, na machozi yalikuwa karibu.

Haikuwa imekufa. Mabamba mawili ya pembeni hayakulingana, tofauti isiyofika milimita moja, na ekseli iliyopita katikati yake ilikuwa imebanwa kama mlango uliovimba kwa mvua. Kuirekebisha milimita hiyo kulitaka tufungue nati zaidi ya arobaini, kwa sababu mtambo, yaani gia na ekseli zake, ulikuwa umezingirwa na mwili pande zote.

Tangu siku ile naunda mtambo kwanza, peke yake, juu ya meza. Ukishazunguka kwa wepesi ndipo naujengea mwili wa kuubeba. Waunzi wa majahazi kule Matondoni, kijiji cha hapa Lamu, huulaza mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, kabla ya ubao wowote, na kila ubao hupimwa kutoka hapo. Kwenye kreni, mkuku ni ekseli.

Vipande na zana

Mimi hutumia Meccano, seti ya fito za chuma zenye matundu, na hesabu nyingi za hapa ni za Meccano. Aliyeibuni ni Frank Hornby, karani wa hesabu wa Liverpool aliyekuwa akiwatengenezea wanawe madaraja na kreni kwa vipande vya bati. Aliona kwamba kila kipande kikiwa na matundu yaliyoachana kwa kipimo kimoja, vipande vilevile vitafaa kwa daraja leo na kwa kreni kesho. Akapata hataza mwaka 1901, na jina la Meccano likaja mwaka 1907. Kipimo chake ni nusu inchi, yaani milimita 12.7 kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la pili. Kiwanda chake cha Binns Road, Liverpool, kilifungwa mwaka 1979, lakini gia za shaba zilizotoka pale bado ni nzima mikononi mwa watu. Boksi langu la kwanza lilitoka kwenye mitumba Mombasa, bila kijitabu na bila kifuniko, na gia zake zilikuwa nzuri kuliko za boksi jipya nililoletewa baadaye.

Mwenye Lego Technic, ile ya vipande vya plastiki, asijione ametengwa. Kanuni ni zilezile, ila nafasi ya matundu ni milimita 8. Tofauti nitaieleza tukifika kwenye gia.

Kwa mtambo unahitaji gia mbili za meno 57, gia mbili ndogo za meno 19, ekseli tatu, mabamba mawili yenye matundu, kapi tatu za kamba na gurudumu moja la breki lenye mfereji, la kipenyo cha inchi moja. Kwa mwili, fito zozote ulizonazo. Ongeza bisibisi nzuri isiyoliwa ncha, spana ndogo, koleo, guni la seremala (kipimo cha pembe ya mraba), chupa ya mafuta ya cherehani, na uzi wa kusokotwa wa wavuvi. Mshipi wa nailoni wa waya mmoja usiutumie: unakumbuka ulivyokunjwa, unajiviringa, na unateleza kwenye ngoma inayozungushiwa kamba.

Usinunue nati za kujazia dukani kabla ya kuzijaribu. Bolti za Meccano ya zamani zina unene wa inchi 5/32, na seti nyingi za kisasa zinatumia M4, yaani za milimita 4. Kwa macho ni sawa kabisa. Nati ya M4 itaingia kwenye bolti ya zamani mizunguko miwili hivi, halafu itakwama. Ukiilazimisha kwa spana, umeharibu vyote viwili. Nilipoteza bolti kumi na mbili kabla sijaelewa, na nilidhani ni kutu. Zitenge kwenye makopo mawili na uandike juu yake.

Zana ya mwisho ni sinia. Fanya kazi yote juu ya sinia kubwa la chakula lililotandikwa kitambaa cheupe. Nyumba zetu za mawe zina mianya kwenye sakafu za ghorofani, na nati ikishazama kati ya boriti haitoki tena mpaka nyumba ivunjwe.

Kupanga

Trei za mayai zinatosha. Nati shimo moja, bolti fupi shimo jingine, washa (vipete bapa vya kuwekea nafasi) jingine. Mpe mtoto kazi hii. Ataifanya vizuri kuliko wewe, na mkono wake utavizoea vipande kabla ya kazi yenyewe.

Gia na ekseli tatu

Hapa ndipo kreni inapopatikana au kupotea, kwa hiyo usiharakishe.

Gia ya meno 19 ikiizungusha gia ya meno 57, gia kubwa inazunguka mara moja kila ndogo inapozunguka mara 3. Kasi inapungua mara tatu, nguvu inaongezeka mara tatu. Hornby na mafundi wake walizipima gia hizi ili vituo vyake viachane kwa inchi moja kamili, yaani nafasi mbili za matundu. Kwa hiyo huna haja ya kupima kitu: tia ekseli ya kwanza kwenye tundu lolote, ruka tundu moja, tia ya pili kwenye linalofuata, na meno yatakutana yenyewe. Gia ya meno 50 na ya meno 25 nazo zinakaa kwenye inchi moja na kukupa mara 2. Gia ya meno 95 na ya 19 hutaka inchi moja na nusu na hukupa mara 5.

Tutafanya hatua mbili za mara 3. Ekseli ya kwanza ina mkono wa kuzungushia na gia ya meno 19. Ekseli ya pili ina gia ya meno 57 inayopokea kutoka ya kwanza, na pembeni yake gia nyingine ya meno 19. Ekseli ya tatu ina gia ya meno 57 na ngoma ya kamba. Tatu mara tatu ni tisa: ukizungusha mkono mara 9, ngoma inazunguka mara 1. Ngoma ikae upande wa mbali na gia kubwa ya ekseli ya pili, la sivyo kamba ikishajaa italiwa na meno.

Sasa utaratibu wa kufunga, na huu ndio uliotuponyesha. Simamisha mabamba mawili yakitazamana, nafasi ya inchi 3 hivi katikati, yameunganishwa kwa vipande vinne vya kuvuka. Zikaze nati kwa vidole tu. Pitisha ekseli zote tatu bila gia hata moja. Ndipo ukaze nati kwa spana, moja moja, pembe kwa pembe, na baada ya kila nati izungushe kila ekseli kwa vidole viwili. Ikianza kuwa nzito, nati uliyoikaza sasa hivi ndiyo yenye kosa: ilegeze, sukuma bamba kidogo, kaza tena. Ekseli zikiwa ndani, zenyewe ndizo zinazoyanyoosha mabamba. Ukikaza kwanza na kupitisha ekseli baadaye, unailazimisha ekseli ifuate makosa yako.

Kipimo changu ni hiki: ekseli tupu ikipigwa kwa kidole cha shahada izunguke yenyewe mara kadhaa kabla ya kusimama. Ikisimama papo hapo, usiendelee. Najua inavyochosha. Mpwa wangu alitaka kuendelea, nami nilitaka kuendelea, na tulikaa nusu saa kwa ekseli moja tu, ambayo ilikuwa imepinda tangu ilikotoka. Kuijua ekseli iliyopinda, ibingirishe juu ya kioo au marumaru: iliyopinda inaruka.

Tia gia sasa. Kila gia ina skrubu ndogo ya kuibana kwenye ekseli. Shaba ni laini, chuma ni kigumu, kwa hiyo ukikaza kwa nguvu zote utazila hesi za gia, yaani ile mikato inayoshika skrubu, na hapo gia yako imekwisha. Kaza mpaka bisibisi ikatae, kisha ongeza kidogo tu. Acha nafasi ya unene wa ukucha kati ya gia na bamba, na weka washa hapo. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila tundu la ekseli linatosha. Mafuta yakizidi hukusanya vumbi na mchanga, na mchanga wetu hula shaba kama msasa.

Kwa wenye Lego: gia ya meno 8 na ya meno 24 zinakaa vizuri kwenye nafasi mbili za matundu na zinakupa mara 3 ileile. Ya 8 na ya 40 hutaka nafasi tatu na hukupa mara 5. Ya 16 na ya 24 hutaka nafasi mbili na nusu, kwa hiyo kwenye mstari mmoja wa matundu hazitakutana hata ufanyeje, na usidhani kosa ni lako. Ukipandisha tofali juu ya tofali, kumbuka tofali lina kimo cha milimita 9.6, si 8, hivyo matundu ya juu na ya chini hayalingani na ya pembeni. Weka vibamba viwili vyembamba kati ya tofali mbili: 9.6 na 3.2 mara mbili ni 16, yaani nafasi mbili kamili. Na mafuta usitie kabisa kwenye plastiki.

Mtambo ukishazunguka, uzungushe tu. Usifanye kitu kingine kwa dakika tano. Mkono unakwenda mbio, gia ya katikati inakwenda kwa adabu, ngoma inatembea kama mzee anayetoka msikitini, na vyote vitatu vimeshikana. Mwaka 1934 Douglas Hartree na Arthur Porter, kule Manchester, walitumia vipande vya Meccano kuunda mashine ya kukokotoa hesabu ngumu za kisayansi. Mimi sishangai. Mtu akishauona mwendo wa gia tisa kwa moja unatoka mikononi mwake, huwa anataka kuutia kila mahali.

Ngoma, kamba na kapi

Ngoma iwe na nusu kipenyo cha sentimita 1 hivi, na kingo mbili za kuzuia kamba isitoroke. Kipande cha mti kilichochongwa na kutobolewa katikati kinafaa, mradi kibanwe kwenye ekseli kisiteleze.

Kamba usiipeleke moja kwa moja kwenye mzigo. Itoe kwenye ngoma, ipitishe juu ya kapi iliyo ncha ya mkono wa kreni, ishushe, izungushe kwenye kapi ya ndoana, kisha ipandishe tena na uifunge kwenye ncha ileile. Kapi ya tatu iweke karibu na ngoma, mkabala wa katikati yake, ili kamba ijipange kushoto na kulia bila kupanda ukingo. Aliyewahi kuvuta jarari, kamba ya tanga, kupandisha foromali, mti unaolibeba tanga, anajua kapi inavyompunguzia uzito: kamba mbili zinaubeba mzigo, kila moja nusu yake, nawe unalipa kwa kuvuta urefu mara mbili.

Hesabu yote ni hii. Mkono wa kuzungushia una urefu wa sentimita 3 na ngoma sentimita 1: mara 3. Gia: mara 9. Kapi: mara 2. Tatu mara tisa mara mbili ni 54. Kilo moja ya sukari, gramu 1,000, ukiigawa kwa 54 unapata gramu 19 hivi kidoleni mwako. Msuguano utaongeza, pengine mara mbili, na bado ni uzito ambao mtoto wa miaka mitano hausikii.

Malipo yake ni mizunguko. Ngoma ikizunguka mara moja inakusanya sentimita 6.3 za kamba, na mzigo unapanda nusu ya hizo. Kuifikisha sukari sentimita 30 utazungusha mkono mara 86 hivi. Mwambie mtoto mapema, ili asidhani haipandi.

Breki

Ukiachia mkono, sukari itashuka mbio na mkono utazunguka kwa kasi ya kuumiza vidole. Wengi hufunga breki kwenye ngoma kwa sababu ndiko mzigo uliko. Ifunge kwenye ekseli ya kwanza, ya mkono. Gia zilizokuongezea nguvu mara 9 ukipandisha, zinaipunguza mara 9 mzigo unapotaka kurudi, kwa hiyo pale breki inashindana na sehemu moja tu ya tisa.

Lifunge gurudumu lenye mfereji kwenye ekseli hiyo. Zungusha uzi mzunguko mmoja na nusu. Ncha moja ifungwe imara kwenye bamba, nyingine kwenye ufito mfupi wenye nati tano au sita za kuuzidishia uzito. Manahodha wetu wanaijua siri hii: kamba ikizungushwa mara mbili kwenye nguzo ya gatini, mtu mmoja anaizuia mashua nzima. Kila mzunguko unazidisha mshiko.

Angalia upande. Ncha iliyofungwa imara iwe ile ambayo gurudumu linaivuta mzigo unaposhuka. Ukiifunga hivyo, kupandisha ni kwepesi, kwa sababu gurudumu linailegeza kamba, na kushuka kunajizuia kwenyewe. Ukigeuza, breki itakupinga ukipandisha na kukukimbia ukishusha. Sisi tuliifunga kinyume na tukaongeza nati ishirini kwenye ufito kabla ya kuona kosa. Kushusha mzigo, inua ufito kwa kidole, polepole.

Yako pia matumizi ya gia ya skrubu ikizungusha ile ya meno 57: hupunguza mara 57 na mzigo haurudi kabisa, breki haihitajiki. Lakini sukari ileile itataka mizunguko zaidi ya 540. Kwa mota ya betri ni sawa. Kwa mkono, mtoto atakuachia katikati.

Mwili

Sasa mtambo wako una uzito, upana na matundu yanayojulikana, na mwili unaupima juu yake.

Mraba wa fito nne unalala kwa kidole kimoja. Ukiongeza ufito mmoja wa mshazari kutoka pembe hadi pembe, hautikisiki tena. Kila upande wa mnara uwe na mshazari wake, na chini ya mkono wa kreni weka mishazari miwili iliyopishana, maana mkono haupindi kwenda chini tu, unajisokota pia, na usipouzuia kujisokota utaona ncha inageuka ubavu mara tu sukari inapoacha meza.

Kwenye mishazari ndipo watu wengi wanapokata tamaa, kwa sababu matundu hayakutani. Mshazari wa mraba haupati tundu. Unaopata ni wa pembetatu ya 3, 4 na 5: pande za nafasi 3 na 4, mshazari wa nafasi 5, na pembe iliyo kati ya 3 na 4 ni ya mraba kamili. Hesabu nafasi, usihesabu matundu. Ufito wa nafasi 3 una matundu 4, wa 4 una 5, wa 5 una 6. Kwa kreni kubwa zidisha mara mbili: nafasi 6, 8 na 10, yaani matundu 7, 9 na 11. Nimewahi kukaa usiku mzima nikilazimisha ufito wa matundu 5 ukae mahali pa nafasi 5, na niliupinda. Weka guni kwenye pembe kabla ya kukaza.

Kila mahali panapotakiwa kutembea, kama mwanzo wa mkono wa kreni, tumia nati mbili. Ya kwanza ilegee kiasi cha kuacha kipande kizunguke, ya pili uikaze juu ya ya kwanza zibanane. Nati moja itakazika au itafunguka, na kwa kawaida hufunguka mzigo ukiwa juu.

Kugeuka bila kuanguka

Kitako ni ubao wa sentimita 40 kwa 40. Juu yake pigilia kifuniko cha kopo kubwa, mdomo juu. Mwaga gololi za baiskeli ndani, kumi na mbili au zaidi, na lalia kifuniko kingine kidogo kilichofungwa chini ya mnara. Bolti ndefu ipite katikati ya vyote na ubao, nati mbili chini. Itageuka kwa pumzi.

Sasa uzani wa nyuma. Sukari, kilo 1, iko sentimita 24 mbele ya katikati: moja mara 24 ni 24. Ukiisawazisha yote kwa nyuma, kreni itaanguka kichalichali pakiti ikishatolewa. Sawazisha nusu. Kopo la robo lita likijaa mchanga mkavu ni gramu 400 hivi, na likikaa sentimita 30 nyuma linatoa 12, nusu ya 24. Mzigo ukiwapo kreni inaelemea mbele kwa 12, ukiondoka inaelemea nyuma kwa 12, na bolti ya katikati inazimudu zote mbili. Mchanga wa pwani uuoshe na uuanike kwanza. Ukiwa na unyevu wa chumvi, kopo litaoza na fito zitafuata.

Kujaribu

Usianze na sukari. Anza na ndoana tupu, kisha robo kilo, kisha pakiti ya chumvi ya nusu kilo, na kila mara achia mkono uone kama breki inashika. Weka mto chini.

Mkono ukiwa mzito bila mzigo, mabamba yamesogea ulipoyafunga kwenye mwili: legeza nati za mtambo moja baada ya nyingine, na ile ambayo ukiilegeza mkono unakuwa mwepesi ndiyo iliyokosea. Mkono ukizunguka lakini ngoma imesimama, skrubu ya gia mojawapo imeachia. Gia zikiruka meno kwa mlio wa tak-tak mzigo ukiwa mzito, mabamba yanafunguka kama mdomo, na dawa yake ni kipande kingine cha kuvuka karibu kabisa na gia. Kamba mbili za ndoana zikijisokota pamoja, zitenganishe kwa kapi pana zaidi.

Yetu ilipandisha sukari jioni ya nne. Mpwa wangu alizungusha akihesabu kwa sauti, na alipofika sitini bibi yake alitoka jikoni kutazama. Thamanini na tisa. Akaachia mkono. Pakiti ilibaki hewani, ikizunguka taratibu, na hakuna aliyeigusa kwa muda.

Kutu

Hewa ya bahari ndiyo adui mkubwa wa chuma hapa kwetu, na wakati wa upepo wa kusi fito zilizoachwa dirishani hubadilika rangi kwa wiki chache. Kila ukimaliza, zipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani. Jasho la mikono nalo ni chumvi. Hifadhi kwenye kopo la kifuniko kigumu, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Iliyokwisha kupata kutu iloweke kwenye siki au maji ya ndimu usiku mmoja, isugue, isuuze kwa maji yasiyo ya chumvi, ianike juani mpaka ikauke kabisa, ndipo uitie mafuta. Zilizopakwa zinki usiziloweke, siki itaila zinki na kukuachia chuma kitupu.

Ukitaka kuifungua

Fungua mwili tu, mtambo uuache ulivyo. Ekseli tatu zilizolingana ni kazi ya jioni nzima na haifai kutupwa. Mtambo uleule utapandisha daraja, utazungusha kinu, utavuta lifti. Wetu sasa umefungwa ubaoni kando ya ngazi, na mpwa wangu anautumia kuipandisha mashua yake ya mti kutoka chini, juu ya nyenzo za penseli. Safari hii kamba ni mita 2, ngoma haikutosha, na jana alikuwa akichonga nyingine.